Nyumba Tuliyoitazama Kutoka Barabarani

Kazi yangu ni kuuza ploti Kitengela, na wateja wangu wengi sijawahi kuwasalimia kwa mkono. Wako Ulaya, Marekani, Australia, na wananunua kupitia simu ya video. Mimi huenda shambani asubuhi kabla upepo haujaanza kuinua vumbi, nikainua simu na kuizungusha polepole. Upande wenye machimbo ya mawe huwa siufikii. Pundamilia wakipita nyuma yangu, siku hiyo nimeuza. Msimu wa mvua nasingizia mafua, kwa sababu udongo wetu mweusi ukilowa hukuvua kiatu mbele ya mteja, na mtu aliye Toronto hana haja ya kuyajua hayo mapema.

Kwa hivyo sikuwa mgeni wa biashara hii siku mzee wangu, yaani mume wangu, aliporudi kutoka mkutano wa hotelini, mkononi ana karatasi inayong'aa yenye picha ya jumba refu kando ya maji ya buluu.

Alikuwa amestaafu ualimu mwaka huo. Mwalimu akistaafu, kila mtu ana shauri la kumpa. Kuku alikataa, wananuka. Sungura alikataa. Ploti pia alizikataa, maana alisema anajua zinavyouzwa. Lakini hii nyumba ya Dubai ilimpata.

"Unanunua kabla haijajengwa," akaniambia. "Ikiisha, wao wenyewe wanakutafutia mpangaji. Wewe unaketi tu."

"Unaketi wapi?"

"Si hapa Kitengela."

"Sasa nyumba ni ya nini?"

Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la nne. "Ni ya nje," akasema.

Jioni moja tulipigiwa simu ya video na muuzaji. Nilitarajia Mwarabu. Kumbe ni kijana wetu, na alipotamka neno la tatu nilijua ni mtu wa pande hizi. Kwao ni Bisil. Alituonyesha nyumba ya mfano, kwa sababu yetu bado ilikuwa shimo, kisha akasimama dirishani kutuonyesha bahari. Simu yake ilikwenda kushoto, ikarudi katikati, ikaenda tena kushoto.

"Hebu geuza kulia," nikamwambia.

"Kulia kuna jua kali, mama. Utaona giza tu."

Nilicheka kwa sauti. Mimi nilikuwa nawaambia wateja wangu kwamba mtandao unasumbua. Hili la jua sikuwahi kulifikiria, na nimelitumia tangu siku hiyo. Halafu akaingia jikoni akafungua mfereji, akayaacha maji yatiririke huku akiendelea kuzungumza. Huku kwetu maji ya kunywa yanaletwa na lori, na ya kisima yana chumvi ya kuua mchicha. Yule kijana hakuyafunga yale maji. Wiki iliyofuata tulitia sahihi, mimi nikiwa wa kwanza kushika kalamu.

Jengo lilichelewa, lakini lilimalizika, na mpangaji akapatikana kama tulivyoahidiwa. Kodi ilifika ikiwa imepunguzwa ada ya lifti na ya bwawa la kuogelea, ambalo hatujalitia hata kidole. Kanisani mzee wangu akawa mtu mwingine. Alianza kuombwa awe mgeni wa heshima kwenye kila harambee, na mgeni wa heshima hatoi sawa na wengine. Kodi ya Dubai ikajenga choo cha kanisa Kitengela. Hakulalamika. "Hivyo ndivyo uwekezaji unavyofanya kazi," alisema.

Mwishowe tukaamua kwenda kuiona. Kijana alitupokea uwanja wa ndege, amevaa suti iliyokuwa pana kumliko, akatupeleka moja kwa moja. Tulipofika akabaki amesimama kando ya barabara.

"Tunaingia na mlango gani?" mzee wangu akauliza.

"Kuingia hatuwezi, mwalimu. Mpangaji ako na haki yake. Lakini kutoka hapa mnaiona vizuri."

Basi tukasimama pale kwenye joto, watu wawili wazima waliovuka bahari, tukiangalia juu. Ilikuwa nyumba nzuri, siwezi kudanganya. Upande wa kulia, pale penye jua kali, kulikuwa na jumba lingine lililokuwa refu zaidi, bado linajengwa. Bahari ilikuwa nyuma yake. Mwanamke mmoja akatoka kwenye roshani yetu kuanua nguo, na mzee wangu akampungia mkono. Mwanamke akamtazama, akaingia ndani, akavuta pazia.

"Mpangaji mzuri huyo," mzee wangu akasema. "Hazoeani na watu asiowajua."

Kijana alituomba twende kwake tunywe chai. Chumbani mwake alikaa na wenzake watano, kwenye vitanda vya ghorofa kama vya bweni. Aliyekuwa amelala aligeukia ukutani ili sisi tupate heshima yetu. Chai ilikuwa ya maziwa mengi, kama ya nyumbani. Akiimimina, akaniuliza, "Mama, nasikia unauza ploti. Niko na akiba kidogo. Nataka Kitengela."

"Si kwenu ni Bisil? Bisil kuna ardhi."

"Yetu baba aliiuza ndiyo nikapata nauli ya kuja huku."

Mzee wangu akaweka kikombe chini. Nikasema nikirudi nitampigia simu ya video nimwonyeshe shamba zuri.

"Video apana," akasema, na sote tukacheka. "Hiyo kazi naijua. Nitamtuma mama."

Tuliporudi Kitengela, mama yake alikuja na gari la asubuhi, mama mrefu wa makamo, shuka begani na simu ndani ya soksi ya mtoto iliyofungwa shingoni. "Supa," nikamsalimia kwa Kimaasai. "Ipa," akaitikia, akanishika mkono kwa muda mrefu. Nilimtembeza ploti nzima. Bikoni, alama za mpaka wa ploti, nilimwonyesha, akazipita. Barabara itakakopitia nilimwonyesha, akaitikia kwa kichwa tu. Tulipofika kona ya mwisho akasimama.

"Wewe ulimwona na macho?"

"Nilimwona."

"Amekonda?"

"Hata. Amenenepa kidogo."

"Analala wapi?"

Nikamwambia ana chumba kikubwa, chenye dirisha na maji ya mfereji, moto na baridi. Nilimweleza vizuri, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini.

"Na nikienda kumwona," akauliza, "kitanda cha mgeni kipo?"

"Vitanda viko vingi, mama," nikamwambia.

Akafurahi. Ploti akaikubali bila kuuliza lolote lingine.