Mawe Yenu, Mchanga Wetu

Juzi nilikuwa katika ofisi ya shule moja ya upili upande wa Kanyangi, nikingoja cheti cha binti yangu. Karani alikuwa amewaita nyanya wawili wamsimulie shule ilivyoanza.

"Ni sisi wa mlimani tuliijenga," alianza wa kwanza, akijipiga mgongoni. "Mwethya wetu, kikundi chetu cha kazi za pamoja, akina mama watupu, ndio walibeba mawe yote hadi hapa. Ndiyo maana shule ina jina la mlima wetu."

Wa pili, anayetoka upande wa mtoni, alisonya, akageuza kiti wakatazamana uso kwa uso. "Na mchanga ulijileta? Kila siku jina lenu, jina lenu! Haya, ng'oeni mawe yenu mwende nayo. Na sisi tuzoe mchanga wetu. Tuone nani atabaki na shule."

"Susu, nyanya yangu, tafadhali," karani alimsihi.

"Andika mchanga kwanza!"

Nilicheka, kisha nikaona wivu. Shule niliyosoma mimi ilijengwa na mkandarasi. Ikibomolewa kesho, hakuna atakayekuja kugombania hata kokoto moja.