Albumini na Vidole vya Mama

Simu ya mama mdogo ilinikuta Mabamba, nikinunua maharage ya kupeleka Kahama. "Rudi Kasulu," alisema. "Mama yako amevimba hadi kope."

Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa miji mingi, na kote huko nilichokikumbuka zaidi ni mama akila. Alikuwa akikusanya ncha za vidole na kumega ugali wa muhogo taratibu, kama anayechuma kitu chororo. Sasa nilimkuta kwenye wodi ya mahututi, mikono imejaa maji, vidole havikunjiki.

Daktari, mtu wa Mbeya aliyepangiwa kwetu, alisema protini ya damu iitwayo albumini imeshuka sana, ndiyo maana maji yanavuja kutoka mishipani. Wakamtundikia chupa ya albumini, rangi yake kama asali nyepesi. Kesho yake kope zikafunguka.

Saa ya kuona wagonjwa mama mdogo aliingia na bakuli la ugali kutoka kijijini kwetu Heru Juu. Mama alilalamika kwamba ganzi inamtambaa midomoni. Kisha kiganja cha kulia kikainama, na vidole vikajikusanya ncha kwa ncha.

"Mwone, anaomba ugali," mama mdogo akasema. "Mnamnywesha uji kama mtoto, ataacha kuwa na njaa?"

"Mama, una njaa?"

Akateremsha macho kwenye kile kiganja.

"Anakuonea aibu. Mgeni wa kila mwaka wewe."

Tukacheka. Mama mdogo akamega tonge, akamtia mdomoni.

Koo likajifunga. Ikatoka sauti kama ya jogoo aliyekabwa. Muuguzi alikuja mbio akamtoa kooni alichoweza kukitoa, na daktari akamchoma sindano ya kalsiamu polepole, huku akisikiliza moyo. Vidole vikalegea, kimoja baada ya kingine.

Nje ya wodi daktari alinieleza. Kalsiamu nyingine ya damu hushikwa na albumini, nyingine huwa huru, na iliyo huru ndiyo inayotuliza misuli. Albumini tuliyomwongezea ilikuwa imeikamata ile iliyo huru.

"Lakini asubuhi mlipima, mkasema inatosha."

"Mashine yetu inapima yote kwa pamoja, ndugu yangu. Haitenganishi."

"Na vile vidole?"

"Vilikuwa vimekakamaa. Hakuwa anaomba chakula."

Kilichobaki cha lile tonge kilishaingia mapafuni. Homa ikapanda, pumzi ikawa fupi, na dawa hazikuiwahi. Tulimzika Heru Juu.

Kwenye matanga mama mdogo aliwasimulia wanawake waliokaa naye mkekani. "Dada yangu hakuondoka na njaa. Aliomba mwenyewe, kwa mkono wake, nikampa."

"Ego," wakaitikia kwa Kiha, wakikubali. "Ego."

Akanigeukia. "Si ulikuwepo, mwanangu?"

"Nilikuwepo, mama," nikasema. "Aliomba."