Mhandisi Aliyesahau Kilele

Taarifa ilinikuta sokoni mjini Morogoro, nikibishana na mama mmoja juu ya tangawizi yake, ambayo mimi niliiona imesinyaa na yeye akashikilia kwamba imekomaa. Simu ikalia. Alikuwa mpwa wa rafiki yangu, fundi umeme katika mashamba ya miwa, mtu mzima mwenye familia yake. "Shikamoo mzee," akasema. Nikaitikia na kumuuliza kulikoni. "Mjomba ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya alasiri, nyumbani juu." Nyumbani juu ni kijijini kwao: ukishapita Mkuyuni unaiacha barabara ya Matombo na kuanza kuupanda mlima wa Uluguru. Nimewaaga wengi katika safu hii ya gazeti, na wengine, Mungu anisamehe, niliwaaga kwa sababu tu ilinipasa. Huyu nilimpenda, na sitajifanya naandika nikiwa mkavu wa macho.

Alikuwa mhandisi, na kwa miaka mingi alifundisha elektroniki chuoni hapa mjini. Usimfikirie mzee mpole wa kujikunja pembeni. Alikuwa mbishi, anajua kwamba anajua, na akiingia mgahawani jambo la kwanza ni kumwambia mwenye mgahawa apunguze redio kwa kuwa "hayo mawimbi umeyakata vichwa". Alipostaafu, wenzake walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye akajifungia na chipu ndogo za kuchakata mawimbi, akatengeneza inveta, yaani ile mashine ya kugeuza umeme wa betri za sola uwe kama wa gridi. Aliikusudia zahanati ya kijijini kwao, ambako kulikuwa na mashine ya oksijeni ya watoto wachanga na wagonjwa wa kifua, na umeme wa kuiendesha haukuwapo. Inveta za madukani, alisema, zinatoa umeme wa kupanda na kushuka kama ngazi, na mota ya mashine ile inataka umeme unaopanda na kushuka taratibu, bila pembe.

Ndipo siku moja, kwenye chai, akanifundisha habari ya jedwali. Mimi hesabu zilinishinda tangu sekondari, lakini alieleza hata mimi nikaelewa. Wimbi lile laini hufuata sini, ile hesabu ya pembe iliyotutoa jasho shuleni. Kila kipande kidogo cha muda, chipu lazima ijue wimbi liwe limefika juu kiasi gani. Ikianza kupiga hesabu ya sini kila mara, muda unaipita na wimbi linaharibika. Kwa hiyo unazipiga hesabu zote mapema, umetulia, unayapanga majibu ndani ya chipu kwa safu, na kazi yake inabaki kuangalia tu. Nikamkumbusha kile kijitabu cha majedwali tulichokuwa tunaingia nacho kwenye mtihani. "Ndicho hichohicho," akasema, akafurahi kama nimeleta mahari. Akaongeza kwamba huhitaji hata jedwali zima. Unaandika robo tu, kutoka chini hadi juu. Kushuka unaisoma robo hiyohiyo kinyumenyume, na nusu ya chini unaigeuza alama tu, chanya iwe hasi. "Wewe ukipanda kwetu," akaniuliza, "kushuka unahitaji mtu akuonyeshe njia?"

Mpwa wake alikuwapo siku ile, akacheka. Alisema chipu za siku hizi zina nguvu, sini unaiita na inakuja, majedwali ni mambo ya kizamani. Mjomba hakukasirika, jambo ambalo ni nadra. Alimjibu kwamba chipu yake ni ndogo kwa makusudi, ile inayoweza kupatikana na kubadilishwa, na kwamba penye mtoto anayehema kwa shida hataki kitu chochote kianze kufikiri. Kisha akamwomba, na mimi nilisikia, apande naye siku moja ajifunze mashine ile. Mpwa akasema sawa mjomba, msimu wa kuvuna miwa ukiisha. Msimu ukaisha, ukaja mwingine.

Nilikuwapo zahanati siku muuguzi alipomshtakia mashine, inveta ikiwa imeshafungwa. Muuguzi huyu ni mama wa makamo, mwenye kauli za kule mlimani, na alimwita baba kama wanavyoitana huko. "Shikamoo baba." "Marahaba. Mashine inasemaje?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake, hata hali ya watu aliuliza baadaye. "Baba, inaguna. Tangu ulipoifunga inaguna, na ubavuni inachemka. Kazi inafanya, ila miye siipendi." Rafiki yangu akasema mota zote huguna. "Ya hospitali ya wilaya haigunigi," mama akasema, akaenda zake kwa wagonjwa. Basi bwana mkubwa akabaki pale, kiganja juu ya mashine, sikio limeinamishwa, mimi nikijiuliza kama chai itapatikana. Ghafla akaanza kucheka, cheko la kujishika tumbo, hadi akina mama waliokuwa foleni wakachungulia. "Nimesahau kilele!" akaniambia. Alikuwa ameandika hatua zote za kupanda isipokuwa ile ya juu kabisa, kwa kudhani itajipata yenyewe wakati wa kurudi. Kila wimbi lilipofika juu, chipu ilitafuta jibu ambalo halikuandikwa, ikachukua namba iliyolala jirani, ya shughuli nyingine kabisa, na kuituma kwenye mota. Alirudi na inveta mjini, akaandika ile namba moja iliyopungua, akaipandisha tena. Mguno ukaisha.

Nimelifikiria sana jambo lile. Chipu haikusema sijui. Ilileta kilichokuwa karibu, na ikakileta kwa haraka ileile ya siku zote. Nawaona watu wengi wa namna hii siku hizi, na baadhi yao wana vipaza sauti. Unauliza swali, jibu linakuja kabla hujafunga mdomo, laini kabisa, ila linatoka ukurasa mwingine. Tumepata simu zenye uwezo ambao rafiki yangu hakuuota alipoanza kufundisha, na kwa hilo mimi nashukuru, maana bila simu nisingefika popote. Lakini tumepoteza subira ya kukaa chini mapema, kabla ya shida, na kuuliza kama majibu yetu yametimia hadi juu.

Tulimzika alasiri ile, mvua ikinyesha kidogo kidogo. Tuliporudi nyumbani nilimkuta muuguzi barazani, macho yamemvimba. Nilimuuliza habari za mashine, kwa kuwa sikujua la kusema. Akanisomea kama mtoto wa madrasa: ikiguna, zima, futa vumbi kwenye feni; ikipiga filimbi, betri zimechoka, punguza taa; ikinuka, chomoa na usiguse. Marehemu alimfundisha yote hayo kwa masikio, ili siku ya dharura asianze kutafakari. Nilitabasamu, maana nilimsikia rafiki yangu mle ndani: alikuwa amempangia jedwali. "Na ikinyamaza kabisa?" nikauliza. Mama akanitazama, machozi yakamtoka upya. "Alisema ikinyamaza kabisa, nimpigie yeye."

Mpwa alikuwa amesimama nyuma yetu na sufuria la maji mkononi. Alisikia. Sikumgeukia, maana kuna nyakati mtu hapaswi kutazamwa. Kilele kimesahauliwa tena, niliwaza, na safari hii mwenyewe hayupo wa kukiandika, na kule zahanati kulikuwa na mtoto kwenye oksijeni siku hiyohiyo.

Sasa, ambao si wa huku niwaeleze. Uluguru ukoo ni wa mama, na mtu akifa jina lake halikai bure. Wazee hukaa, wakamkabidhi mmoja wa ukoo, mara nyingi mpwa, na tangu hapo anaitwa yeye ndiye yule. Watoto wa marehemu watamwita baba, hata kama anacheza nao bao. Kabla ya arobaini nilisikia kwamba mpwa huyu anasitasita. Wengine walisema anaringa na kazi yake ya mashambani. Mimi nadhani alijua kuliko wao ni nini kinachokuja pamoja na jina lile. Katikati ya kusitasita huko niliambiwa ameonekana zahanati, mara ya kwanza, kisha tena, ameketi mbele ya mashine na jedwali la mjomba wake wazi kwenye kompyuta.

Siku ya arobaini alilipokea jina. Dua ikaisha, wali ukaletwa, nasi tukawa tumekaa mikekani tukila, mpwa katikati yetu na kanzu ya mjomba wake iliyompwaya mabegani. Simu ikalia kifuani mwake. Nikautambua mlio, na mkono wangu ukabaki na tonge hewani, kwa sababu ilikuwa simu ya marehemu. Akaitoa, akaiweka sikioni.

"Mashine inasemaje?" akasema.

Ng'ambo ya uwanja, penye masufuria, yule muuguzi alikuwa amesimama na simu yake sikioni, mama mwenye umri wa kumzidi huyu fundi kwa mbali. Alichuchumaa kidogo, kama anavyochuchumaa mtu mbele ya mzee wake.

"Shikamoo baba," alisema. "Inaendelea vizuri. Nilikuwa najaribu tu kama utapokea."