Jeki ya Bakar na Banda la Mama Yake

Sili ya jeki, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imeliwa upande mmoja tu.

Upande wa pili mzima kabisa, kama imetoka dukani asubuhi ile.

Na haikuwa mara ya kwanza. Kila sili niliyoifunga kwenye tipa ya Bakar ilikufa hivyohivyo, upande wa kulia, oili ikachuruzika chini.

Mimi ni fundi, gereji yangu iko Tibirinzi. Shule niliiacha mapema, maneno matamu sina. Bakar alikuwa rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, tukisoma juzuu jamvi moja. Alikuwa akibeba kokoto kutoka machimbo ya Micheweni.

Siku ile akanijia juu.

"Yakhe Mmanga, hizi ni sili au unanikatia mpira wa ndara?"

"Sili hizo. Nzima."

"Nzima kwako! Watu wanasema unanichezea ili nisitoke hapa gereji."

Iliniuma. Nikabadilisha pini na bushi zilizolegea, nikatia grisi, nikamwambia, "Kesho nakuja machimboni."

Nikaenda. Nikakaa juu ya jiwe, nikatazama wanavyopakia.

Pale hakuna mashine. Wapakizi wanarusha kokoto kwa koleo, na wote walisimama kushoto mwa gari. Kulia hapakuwa na hata mmoja.

Kwa nini?

Kulia ndiko wanakokaa wanawake wanaoponda mawe, chini ya banda la makuti. Mbele kabisa alikaa Bi Mwanamize, mama yake Bakar.

Mwanamme gani atasimama na koleo juu ya vichwa vya mama zake?

Basi kokoto zikaruka, zikarundikana kulia. Bodi, lile sanduku la mzigo, ikipanda kumwaga, inaegemea kulia. Jeki inayoiinua imetengenezwa isukume moja kwa moja. Ukiilazimisha kwenda upande, chuma kinajisugua ndani, na sili inasagwa palepale kinapojisugua.

Nikamvuta Bakar pembeni.

"Sili haina kosa. Mzigo umekaa upande. Wapakie pande zote mbili, na umwage penye ardhi tambarare. Ukiendelea hivi, itakufa sili, halafu gari yenyewe italala."

"Pande zote mbili? Nimwambie mama ahame?"

"Mwambie."

"Banda lile nimemjengea kwa mikono yangu. Nimfukuze kwa ajili ya mpira?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Thubutu! Ukimgusa mama yangu kwa neno hilo, mimi na wewe basi."

"Haya, mtu apande juu asawazishe kabla hujaondoka."

"Panda wewe, na kitambi hicho!"

Wapakizi wakacheka. Na yeye akacheka. Akawasha gari.

Wiki ileile mvua ilipiga. Bakar akapeleka kokoto Mgogoni, kwenye nyumba inayojengwa. Ardhi ilikuwa tope. Bodi ikapanda, kokoto zilizojaa maji zikagoma kutoka. Akashuka, akaenda kugonga ubao wa kulia.

Gari ikamlalia.

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Waliniita mimi kwenda kuinyanyua bodi. Nilikwenda. Sitaki kusimulia nilichokiona.

Hitma ilipokwisha, Bi Mwanamize akaniita ukumbini.

"Mmanga mwanangu, wewe ndiye fundi. Nini kilichoiangusha?"

"Kokoto zilirundikana upande mmoja, Bi Mwanamize."

"Kwa nini wasipakie pande zote?"

Nikainama.

"Ni kwa ajili yetu sisi?"

Akajijibu mwenyewe. Akavuta ukaya, akajifunika uso.

"Pale bandani pana siafu," akasema. "Na vumbi lote la gari linanijia mimi. Moza, mwenzangu wa kuponda mawe, kila siku ananiambia, Bi Mwanamize, twende kule nyuma penye upepo. Nikamwambia, siendi. Banda kanijengea mwanangu. Nikihama, moyo wake utavunjika."

Nikatoka nje, nikalia kama mtoto.

Ndugu mnaosoma, mwenye tipa, mwenye kijiko cha kuchimbia, mwenye jeki yoyote. Ukiona sili imeliwa upande mmoja, usimtukane fundi. Tazama mzigo unavyokaa, tazama pini, tazama ardhi unayomwagia.

Na mtu unayemhurumia, muulize. Usimjibie moyoni mwako. Mama yule angehama siku hiyohiyo, tena kwa furaha.