Sufuria ya Shaba na Nusu ya Limao

Nilipofika nyumbani kwetu, mtaa wa Soweto, kutoka Iringa, mama aliitikia shikamoo yangu vizuri sana. "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani." Nikafurahi. Kisha nikamsikia akimnong'oneza dada, anayeishi naye, "Huyu ni nani?"

Dada alishanionya kwenye simu. Lakini mimi ni mbishi tangu utotoni, nikawa nimejiaminisha kwamba mama atawasahau wote, si mimi.

Kesho yake ilikuwa Idi. Dada alikuwa akichambua mchele wa Rujewa, nami nikaikumbuka sufuria ya pilau, ile ya shaba aliyokuja nayo bibi kutoka pwani. Nilipokuwa mdogo, kila Idi ikikaribia tuliisugua mama na mimi, wawili tu. Niliivuta uvunguni mwa kitanda. Ilikuwa imekuwa nyeusi, na ukingoni imeota kutu ya kijani. Nikasema moyoni, mama akiiona inang'aa atanikumbuka.

Nikamkalisha kwenye kigoda uani. Nikakata limao, nikachovya nusu yake kwenye chumvi na majivu yaliyochekechwa, nikaanza kusugua. Mama alikuwa akitazama kuku. Kwa hasira nikazidisha nguvu, limao likaniingia kwenye mchubuko wa kidole, machozi yakanitoka. Dada akadhani ni kidole. Wekundu wa shaba ulipotokeza upande wa nje, nikahamia ndani ya sufuria.

Mama akanichapa mkono. "We! Ndani usitie majivu, utatoa bati lililopakwa juu ya shaba. Unataka watu wale sumu?"

Maneno yaleyale aliyonigombeza nayo nikiwa na miaka saba! Sijawahi kufurahia kofi namna ile. Akaninyang'anya limao, akasugua ukingo kwa kuzungusha, polepole, bila kukosea. Nilimmiminia maji, akasuuza, nikafuta kwa kanga kuukuu. Muda wote nilikuwa nasubiri anitaje jina, hata kwa kunigombeza.

Sufuria ilipokauka aliigeuza juani, akaridhika. Kisha akanitazama usoni, muda mrefu, mpaka nikaiweka kanga chini.

"Kazi unaijua," akasema. "Mama yako amekufundisha."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukirudi kwenu umsalimie sana."

Nikamwambia salamu zitafika.