Risasi ya Kwanza kwa Aliyefunga Springi

Siku hiyo tulikuwa wanne karakanani: mimi, fundi wangu ambaye ni Singasinga mzee mzaliwa wa Nakuru, mama wa Kiingereza mwenye bunduki, na mdogo wangu wa mwisho, niliyekuja naye kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na sikuwa na wa kumwachia.

Karakana yetu ya kutengeneza bunduki ilikuwa chini ya tao la reli, Lewisham, huku ugenini kwa Waingereza. Treni ikipita juu, bisibisi zilitikisika ukutani. Nilianza pale kwa kufagia, baada ya mama kumfuata baba kaburini nami nikaacha shule niwalee wadogo zangu. Fundi akanifundisha kazi kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake cha bara.

Bunduki ya yule mama wa Kiingereza ilikuwa fupi, ya kulengea shabaha klabuni, ya risasi ndogo kama za bastola. Haikuwa na komeo la kuufunga mtutu kwa nyuma. Kilichozuia ganda la risasi lisitoke mapema ni uzito wa bolti, kile chuma kinachorudi nyuma risasi ikilia, na ugumu wa springi tu. Teke lake lilimuumiza bega lililopasuliwa, basi mtu mmoja akaipunguza bolti kwa tupa, akidhani wepesi ndio upole. Bolti ikawa inarudi kwa kasi kabla nguvu ya baruti haijapungua, mpaka ganda likapasuka. Mama alituonyesha miwani yake. Kioo kilikuwa na mkwaruzo mbele kabisa ya mboni.

Fundi akanipa mimi kazi hiyo. Nikaongeza uzito, nikabadilisha springi, nikavuta bolti mpaka kidole kikafanya sugu. Kwa mkono ilikwenda vizuri. Lakini mkono si baruti.

Na pale kwetu palikuwa na sharti: aliyefunga springi ndiye anayefyatua kwanza, kwenye bomba lililojazwa mchanga wa kumeza risasi, kule nyuma. Fundi alisema mtu akijua kwamba uso utakaokuwa karibu na bolti ni wake, habahatishi.

Nikavaa miwani ya kinga. Watu wa kaunsili, serikali ya mtaa, walishakuja nyumbani kuuliza kama naweza kulea peke yangu. Dada asiyeona, wangemwachia watoto?

"Mtu ya pwani," fundi akanitania, "unashika bunduki kama samaki iko hai."

"Usinichekeshe, fundi, mkono utacheza."

"Iko cheza tayari."

Kutoka mlangoni mdogo wangu akauliza, kwa Kiingereza chake, kama baadaye tutakwenda kula chipsi.

"Tutakwenda," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, akanikazia macho.

Fundi alimtazama yeye, akanitazama mimi. Akanivua ile miwani kichwani.

"Toka. Peleka mtoto mbele."

"Fundi, sharti ni lako mwenyewe."

"Basi risasi hii mimi naazimisha wewe. Utarudisha, siku moja utafyatua yangu."

Nikasimama nyuma ya ukuta wa mbao, kichwa cha mdogo wangu nimekibana tumboni. Treni ikapita. Ikanyamaza. Bunduki ikalia. Mama wa Kiingereza aliacha kikombe hewani.

Hatimaye fundi akatokea na ganda kiganjani. Lilikuwa safi, halikuvimba popote. Lakini halikutulia, lilibiringika huku na huku, maana kiganja chenyewe kilitetemeka. Kumbe naye aliiogopa kazi yangu.

Mama akafyatua, akasema bega halikusikia kitu. Tukaenda kula chipsi, nami zangu nikampa mdogo wangu.

Baada ya hapo, kila fundi alipofunga springi niliwahi kuikamata bunduki mimi. Alininyang'anya. "Hii yangu. Deni yako ngoja." Mpaka vidole vyake vikakataa kazi, wanawe wakamchukua akakae nao Kingsbury.

Huwa nakwenda kumtazama. Nikibisha tu, anauliza kutoka kitini, "Umeleta risasi yangu?" Namwekea chai mezani, namshikia kikombe. Mdogo wangu sasa ana ndevu. Ile risasi bado sijairudisha.