Rangi Alizonitajia Yaya

Vumbi likipata joto ndani ya televizyo ya zamani lina harufu yake, na ukishaijua huwezi kuichanganya na nyingine. Si moshi, wala si waya unaoungua. Ni kama blanketi lililokaa sandukuni mwaka mzima likianikwa juani. Mwezi uliopita niliisikia tena sebuleni kwangu, hapa Makomeno, Lubumbashi, nikaona heri niketi kwanza. Msinicheke. Nimeshapita miaka arobaini, nina watoto wanaonizidi urefu, lakini harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye mkeka mbele ya televizyo ya Baba, ubavuni mwa Yaya Mwamba, kaka yangu mkubwa.

Televizyo hiyo Baba aliachiwa na bosi wake Mbelgiji alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa nzito ajabu, na mgongo wake ulichomoza nyuma hata meza ikabidi isogezwe mbali na ukuta. Mama aliifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, na juu yake akaweka maua ya plastiki. Kila Jumapili baada ya misa tulikifunua kitambaa kwa heshima, tukatazama, kisha tukakirudisha. Baba alishikilia kwamba televizyo huchoka kama mtu, na ikichoka lazima ipumzishwe. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

Yaya Mwamba alikuwa anakwenda Kasumbalesa, mpakani, kubeba mizigo ya wafanyabiashara. Alikuwa ameniahidi kwamba siku moja ataniletea mchezo wa kuchezwa kwenye televizyo, na wenye rangi, si maneno ya mdomo. Na kweli, mchana mmoja wa kiangazi alirudi na boksi alilolinunua upande wa Zambia. Nililia nilifungue mimi. Nakumbuka nilivyochana plastiki kwa meno, na Mama akinigombeza kwamba nitayang'oa yote.

Kuipata picha ilikuwa kazi. Waya wa mchezo uliingia pale pa antena, halafu Yaya akachuchumaa na kuzungusha kile kigurudumu kidogo cha stesheni, taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Chenga nyeupe kama theluji, theluji, kivuli, theluji tena. Nilitumwa kufunga pazia. Nikatumwa kushika waya, nisipumue. Ghafla akatokea mtu mdogo mwenye kikapu kichwani, amesimama juu ya ubao, na mbele yake mbao nyingine zinapita. Ilimbidi aruke toka ubao mmoja hadi mwingine. Akikosea, anatumbukia, basi, kwisha habari yake.

Lakini alikuwa wa kijivu. Mbao kijivu, kikapu kijivu, mbingu kijivu. Hata sauti haikuwepo, ni mkwaruzo tu. Nililia vibaya sana, nilie nini kama si hicho? Solange, mtoto wa jirani, nilikuwa nimeshamtambia kwamba wetu una rangi. Nikamwambia Yaya wamemuibia huko Zambia, kwamba yeye kila mtu anamuibia. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa Baba. Hadi leo yananiuma.

Yaya alirudi kuchuchumaa mbele ya televizyo. Siku mbili nzima alihangaika. Alizungusha vifungo vyote, akaigeuza televizyo itazame dirisha, akaigeuza itazame mlango, akakitoboa kitambaa cha Mama kilichokuwa kinaziba matundu ya hewa. Kwa kitambaa hicho Mama alimgombeza kweli. Baba akaamua televizyo imechoka, tukaipumzisha toka asubuhi mpaka jioni. Tulipoiwasha, picha ilikuwa safi kuliko zamani, ungehesabu mistari ya kikapu. Kijivu kilekile.

Siku ya tatu alikuja akaketi kwenye mkeka, akanipa kile kidude cha kuchezea, na kusema:

"Usilie, petite, mdogo wangu. Couleur iko mule ndani, ila haitaki kutoka. Miye niliiona kule ku magazini nilikoununua. Weye cheza, nitakuambia."

Akaanza kunitajia rangi. Shati la yule mtu jekundu. Kikapu cha manjano, kimejaa maembe. Mbao za kahawia. Na pale chini, pale anapotumbukia, ni ziwa, maji ya buluu, ni bleu, bleu kama ziwa la Kilwa, Kilwa ya kwetu huku bara, si ile ya pwani, ambako alikuwa na hamu ya kwenda kufanya kazi ya samaki. Nikamuuliza mbona mtu huyu haogelei. Akanijibu huyu ni mtu wa Lubumbashi, angejifunzia wapi kuogelea? Tukacheka mpaka Mama akaja kuchungulia. Kwa sababu sauti haikuwepo, aliimba yeye, kila mruko na wimbo wake. Nawaambia ukweli, baada ya wiki moja nilikuwa naziona. Ungeniuliza shati lina rangi gani, ningekuapia ni jekundu, nimeliona kwa macho yangu.

Mwaka uliofuata Yaya alikwenda Kilwa kweli. Alitutumia samaki wakavu kwa madereva wa malori, na ndani ya mfuko barua fupi. Kila barua iliishia kwangu: nisiharibu mchezo, akirudi tutatafuta televizyo nyingine, tutaona rangi zote, yeye na mimi. Hakurudi. Homa ilimchukua katikati ya masika, barabara imekatika, na habari ilipotufikia walikuwa wameshamzika. Baba alijaribu kwenda, akarudishwa na matope njiani. Mama aliufunga mchezo ndani ya kitambaa kile chenye tundu, akautia sandukuni. Mimi ziwa la Kilwa sijaliona hadi leo.

Mama alipofariki, sanduku lilinijia mimi. Nikasema ahadi ni ahadi. Nikatafuta televizyo ya mgongo, nikaipata mtaa wa Kasungami kwa familia iliyokuwa inaitumia kuwekea sahani, na nikamwita fundi Kabeya. Alicheka alipoona kilichonisumbua. Televizyo za zamani za kwetu, akanieleza, zilifuata mtindo wa Wafaransa, na michezo ya Zambia mtindo wa Waingereza. Kwenye picha wanaelewana, kwenye rangi hata kidogo. Hii niliyoinunua inajua yote mawili. Akafungua mgongo, akafuta vumbi, akageuza kijiti kimoja hapa, kingine pale, akapunguza mwangaza mpaka nyeusi ikawa nyeusi kweli. Kisha akawasha, na harufu ile ikaja.

Yule mtu alikuwa amevaa kijani. Kikapu chake kilikuwa cheupe, kimejaa mawe. Na chini ya mbao hapakuwa na ziwa. Palikuwa na moto, moto mwekundu unaochemka kutoka pembe hii hadi ile.

Nikakumbuka plastiki ile niliyoichana kwa meno. Boksi lilikuwa halijafunguliwa na mtu. Yaya hakuona chochote kule magazini, kule dukani. Alikuwa amekaa kwenye kijivu kama mimi, anaogopa nimuone mjinga, anatafuta kichwani mwake rangi za kunipa. Na alipofika pale anapofia yule mtu, akachagua mahali alipotaka kwenda kuishi. Nililia mbele ya fundi wa watu, bila aibu.

Alidhani picha ni mbaya. Nikamwambia picha ni nzuri sana, ila aitoe rangi, yote.

"Mama, bantu bote banatafuta couleur," alisema. "Weye unaitoa?"

Nikamjibu ndiyo, mpaka sifuri. Akanitazama, akazungusha kifungo. Moto ukapauka, ukazimika, ukabaki kijivu kilichotulia chini ya mbao. Nikakishika kidude cha kuchezea, nikasubiri ubao ufike.

"Bleu," nikasema kwa sauti, na nikaruka.